Chapati Laini na Rolex ya Nyumbani kwa Moto wa Sigiri

Chapati inayotoka kwa muuzaji wa kando ya barabara Wandegeya au Kalerwe, jijini Kampala, huweza kukunjwa mara nne bila kupasuka. Ya nyumbani mara nyingi huwa tamu kwa dakika kumi tu, kisha hukauka, na ikifika asubuhi ya chai inavunjika kama kigae. Watu hulaumu unga. Hubadilisha pakiti wiki hii na wiki ijayo, na hali hubaki ileile. Unga una sehemu yake, lakini chapati ngumu karibu kila mara imeharibiwa na mojawapo ya mambo matatu: donge limenyimwa maji, limenyimwa mapumziko, au chapati imekaa mno juu ya moto hafifu. Hilo la tatu ndilo linaloharibu chapati nyingi zaidi, na ndilo watu wasilolizungumzia. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maelezo haya ni moto, ingawa tunaanzia kwenye beseni.

Unga na maji

Kwa kilo 1 ya unga mweupe wa ngano wa kawaida, andaa maji ya uvuguvugu mililita 600, chumvi vijiko vidogo 2 vilivyosawazishwa, sukari kijiko kikubwa 1 na mafuta ya kupikia vijiko vikubwa 4. Hapo unapata chapati 14 za gramu 120 hivi, zenye upana wa sentimita 24, ambao ndio upana wa vikaangio vingi vya nyumbani. Asiye na kipimo cha mililita atumie chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita: moja nzima, na ya pili ijazwe robo. Kikombe cha tumpeco, kile cha plastiki kinachopimiwa karanga sokoni, nacho huchukua nusu lita kikijaa hadi ukingoni. Ile robo ya chupa ya pili ni zaidi kidogo ya inayohitajika, basi usiimimine yote kabla ya kuona donge linataka nini.

Sukari haikuwekwa kwa ajili ya utamu. Inasaidia chapati kupata madoadoa ya kahawia haraka, ili iondoke motoni kabla haijakauka. Mafuta ndani ya unga hulainisha, lakini yakizidi vijiko sita kwa kilo, chapati huwa inameguka badala ya kukunjika, na hiyo haifai kabisa kwa rolex, yaani chapati iliyoviringishwa pamoja na mayai.

Angalia pakiti kabla ya kununua. Unga wa mikate una nguvu zaidi. Utahitaji vijiko vikubwa 2 au 3 vya maji ya ziada na mapumziko marefu, la sivyo utasukuma donge nalo litajirudisha kama mpira. Unga ambao tayari umetiwa baking powder hutoa chapati nene kama keki, nayo hupasuka ukiikunja. Wa atta, ule wa kahawia, hunywa maji mengi. Anza na mililita 680 na usikate tamaa ukiona donge linanata mwanzoni, maana pumba huchelewa kunywa. Ukiuhifadhi unga nyumbani, utie kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana, mbali na mafuta ya taa na sabuni. Unga hushika harufu upesi, na harufu hiyo haitoki kwa kupikwa.

Hali ya hewa nayo huingia kwenye beseni. Katika miezi ya mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, unga uliokaa wazi umekwisha kunywa unyevu hewani, kwa hiyo mililita 570 au 580 zaweza kutosha. Januari, vumbi linapotimka, hutashangaa ukifika 630. Ndiyo sababu kipimo cha maji ni cha kuanzia tu, na mkono ndio unaomalizia.

Changanya unga, chumvi na sukari. Mimina mafuta na uyasugue kwa vidole mpaka unga ufanane na mchanga mbichi. Tia maji kwa awamu tatu. Mwanzoni donge litanata mikononi na hapo ndipo makosa huanza: mpishi anaona linanata, anaongeza unga, donge linatulia, naye anafurahi. Lakini unga ulikuwa bado haujanywa maji yake. Kanda dakika tatu kwanza bila kuongeza chochote. Likiendelea kunata, paka viganja mafuta badala ya kunyunyiza unga. Endelea kwa dakika nyingine sita au saba, ukisukuma kwa kisigino cha mkono, ukikunja, ukizungusha robo, ukisukuma tena. Donge lililo tayari ni laini kama nyama ya chini ya sikio. Libonyeze kwa kidole: shimo linarudi polepole na kuacha alama ndogo. Shimo likirudi mara moja, donge ni kavu au limechoshwa kwa kukandwa. Lisiporudi kabisa, maji yamezidi, na hapo kijiko kimoja au viwili vya unga vinaruhusiwa.

Donge likiwa kavu na umekwisha kukanda, usimwage maji juu yake. Yatateleza tu pembeni. Chovya vidole kwenye maji, toboa donge kwa vidole mara kumi, likunje, kanda. Rudia mpaka lilainike. Ni kazi ya dakika tano, na inaokoa chapati zote kumi na nne.

Mapumziko

Funika donge kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa au sufuria iliyopinduliwa, liache nusu saa. Saa nzima ni bora. Maji yanapoingia kwenye unga wa ngano, protini zake hujifunga na kuwa nyuzi, ile gluteni inayofanya donge livutike. Kukanda hukaza nyuzi hizo na mapumziko huzilegeza. Donge lisilopumzika hurudi nyuma kila ukilisukuma, nawe utalazimika kulitupia unga na kulikandamiza kwa nguvu, na kila kiganja cha unga mkavu ni unyevu uliotolewa kwenye chapati.

Baada ya hapo kata vipande 14, vifinyange kuwa viduara, vipake mafuta na uvipange kwenye sinia. Vifunike tena dakika 15. Wengi huruka mapumziko haya ya pili kwa sababu wageni wamekwisha kuketi. Ni afadhali wageni wanywe chai ya kwanza wakati donge linapumzika.

Kama unataka chapati ya tabaka, sukuma kiduara kiwe chembamba, paka mafuta, kikunje kama mkeka, kisokote kama konokono na ukibonyeze kidogo, kisha kipumzike dakika 20 kabla ya kukisukuma mara ya mwisho. Chapati za hivyo ni nzuri mno kwa chai na mchuzi. Kwa rolex hatuzipendekezi: tabaka huachana unapokunja, na yai hutoka upande wa pili. Chapati ya rolex iwe ya kusukumwa mara moja, isiyo na tabaka, yenye unene wa milimita 2 hadi 3.

Sukumia juu ya meza iliyopakwa mafuta kidogo, kama wanavyofanya wauzaji, na usitumie unga mkavu. Unga unaobaki juu ya chapati huungua kikaangioni, hugeuka vumbi jeusi, na kuanzia chapati ya tano ladha ya uchungu huanza kusikika. Sukuma kutoka katikati kwenda nje, zungusha, sukuma tena. Kingo zikiwa nyembamba kuliko katikati, zitakuwa za kukatika kama biskuti wakati katikati bado mbichi. Kwa hiyo kifimbo kikifika ukingoni, punguza nguvu.

Mkaa na sigiri

Mkaa mzuri ni mzito mkononi, na vipande viwili vikigonganishwa hulia kama vigae. Mkaa mwepesi unaovunjika kwa vidole umetokana na mti laini. Unawaka haraka, unatoa moto mkali kwa dakika kumi na tano, kisha unakuwa jivu ukiwa na chapati sita bado kwenye sinia. Mkaa uliolowa unapasuka na kurusha cheche, na moshi wake huingia kwenye chakula. Tangu amri ya Rais ya Mei 2023 iliyopiga marufuku uchomaji mkaa wa biashara kaskazini mwa Uganda, kuna sababu zaidi ya kuchagua kwa makini na kutopoteza hata kipande.

Briketi za vumbi la mkaa na maganda ya ndizi zinasifiwa, nazo zinastahili sifa hiyo kwa maharage na makongoro: zinawaka polepole, muda mrefu, bila kuchunguliwa. Kwa chapati zenyewe ni dhaifu. Zina jivu jingi linalofunika moto, na kikaangio hakipati joto la kutosha. Ukiwa nazo tu, changanya nusu kwa nusu na mkaa wa kawaida, mkaa ukae juu.

Kabla ya kuwasha, toa jivu lote la jana. Jivu lililoziba matundu ya sigiri, yaani jiko la mkaa, ndilo linalowafanya watu wapepee mpaka mkono uume. Tumia waya kuzibua kila tundu. Weka chini vijiti vikavu, magunzi ya mahindi au majani makavu ya mgomba yaliyokunjwa, kisha vipande vidogo vya mkaa juu yake, na vikubwa juu kabisa. Usiwashe kwa kaveera, ule mfuko wa plastiki. Plastiki hudondoka ikiwaka, hushikana na mkaa, na moshi wake ni sumu. Harufu yake hubaki kwenye chapati tatu za kwanza, ambazo ndizo watoto huzinyakua. Mafuta ya taa yana tatizo kama hilo, ila harufu yake huisha kama dakika kumi zikipita kabla ya kuanza kupika.

Moto ukishika, fungua mlango wa hewa wa chini kabisa na usubiri. Mkaa mweusi wenye miali ya njano bado hauko tayari. Unapotaka kupika, juu ya mkaa pawe na utando mwembamba wa jivu jeupe na chini yake wekundu unaoonekana hata mchana. Weka kiganja sentimita 10 juu ya moto: ukishindwa kuvumilia zaidi ya sekunde tatu, anza. Ukihesabu hadi sita bila shida, moto bado ni wa maharage.

Chapati 14 huchukua dakika 35 hadi 40, na mkaa wa kwanza huanza kuchoka katikati ya safari. Ukiongeza mkaa baridi kwa wingi wakati huo, moto unashuka ghafla, na chapati ya nane hadi ya kumi zinakaukia kikaangioni zikisubiri rangi. Ongeza vipande vitatu vinne pembeni ulipofika chapati ya tano, ili vishike moto wakati ule wa katikati unapopungua.

Jambo moja halina mjadala. Sigiri ipikiwe barazani au jikoni penye madirisha wazi. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na mkaa uliofifia bila moshi wowote unaendelea kuitoa. Kwa anayeishi kwenye muzigo, nyumba ya kupanga ya chumba kimoja, kishawishi cha kuingiza sigiri ndani mvua inapoanza, au kuiacha ipashe chumba usiku, ni kikubwa. Watu wamelala hivyo na hawakuamka. Mvua ikikukuta katikati, simamisha kazi, funika viduara vya unga, subiri ipite. Donge halidhuriki kwa saa moja ya ziada.

Juu ya kikaangio

Chapati inapenda chuma kizito. Sufuria nyembamba ya alumini hupata joto pale tu mkaa ulipo, na matokeo yake ni duara jeusi katikati ya chapati nyeupe. Bamba la chuma la unene wa milimita 4 au zaidi, lililotengenezwa na mafundi wa Katwe, hutawanya joto na kulihifadhi. Likiwa jipya, lisafishe kwa mchanga na maji ili kuondoa mafuta ya kiwandani, likaushe juu ya moto, lipake mafuta ya kupikia kidogo sana, na uliache lifuke mpaka moshi ukome. Rudia mara tatu au nne. Litakuwa jeusi, nalo litaacha kushika chakula. Baada ya hapo lifute kwa kitambaa tu. Ukilisugua kwa sabuni na steelwaya, utaanza upya.

Pima joto kwa unga: nyunyiza kidogo. Ukigeuka kahawia hafifu ndani ya sekunde 10 hadi 15, moto uko sawasawa. Ukigeuka mweusi kabla hujahesabu tano, funga mlango wa hewa nusu na unyanyue kikaangio kwa dakika moja. Usipogeuka kabisa, subiri, hata kama tumbo linakusukuma.

Weka chapati bila mafuta. Itazame. Kwanza rangi yake inabadilika kutoka nyeupe ya maziwa hadi nyeupe iliyofifia, kama karatasi iliyoloa. Kisha vipele vidogo vinainuka, kimoja hapa, viwili pale, na kingo zinaanza kujinyanyua. Hapo zimepita kama sekunde 40. Geuza. Upande wa juu uwe na madoadoa ya rangi ya asali, si meusi. Paka kijiko kidogo cha mafuta, subiri sekunde 40, geuza, paka upande wa pili, na kwa kitambaa kilichokunjwa bonyeza kingo huku ukiizungusha. Sekunde 30 nyingine na iondoke. Yote ni dakika mbili, mbili na nusu. Chapati inapokaa dakika nne au tano kwa sababu moto ni mdogo, maji uliyoyapima kwa uangalifu yanatoka yote kama mvuke, na hakuna mafuta yatakayoyarudisha.

Ikitoka, iweke ndani ya kitambaa safi cha pamba na uifunike. Panga ya pili juu yake. Mvuke wa moja hulainisha nyingine. Chapati zilizoachwa wazi kwenye sahani ili “zipoe” zinakauka kingo ndani ya dakika tano. Ukitumia hotpoti, tandika kitambaa chini na kingine chini ya kifuniko, kwa maana matone yanayojikusanya kwenye kifuniko hudondoka na kuifanya ya juu iwe uji.

Rolex

Jina limetokana na maneno ya Kiingereza ya mayai yaliyoviringishwa, yakatamkwa kwa haraka, na haliuhusu mkono wala saa. Kwa kila chapati chukua mayai 2, kitunguu robo, nyanya nusu, kabichi iliyokatwakatwa nyembamba kiasi cha kiganja, na pilipili hoho kidogo kwa anayeipenda. Kama mayai ya kwenye trei yamekaa siku nyingi, yajaribu kwenye bakuli la maji: linalolala chini ni bichi jipya, linalosimama wima litumike leo, linaloelea litupwe.

Nyanya ndiyo inayoharibu rolex nyingi za nyumbani. Ukiikata na kuichanganya na chumvi na mayai mapema, maji hutoka, na unapomimina kikaangioni, yai linachemka badala ya kukaangika. Toa mbegu na ute wa ndani kabla ya kukata, au fuata njia tunayoipenda zaidi: vitunguu na kabichi viingie kwenye yai, nyanya ikatwe vipande vya duara na kupangwa mbichi juu ya chapati dakika ya mwisho. Unapata yai lililokaangika vizuri na nyanya yenye ubaridi wake. Chumvi iwekwe wakati wa kumimina, si kabla.

Pasha kikaangio na kijiko kikubwa 1 cha mafuta. Piga yai kwa uma ndani ya kikombe mpaka povu dogo litokee, mimina, na ulitawanye upesi lifikie upana wa chapati. Sasa hesabu. Baada ya sekunde 20 hadi 30 chini pameshika lakini juu bado pana majimaji yanayong'aa. Hapo hapo laza chapati juu yake na uibonyeze kwa kiganja cha mwiko kuanzia katikati. Yale majimaji ndiyo gundi. Ukichelewa na yai likawa kavu juu, chapati haitashikana nalo, na ukikunja utabaki na chapati mkononi na yai sahanini. Ukiharakisha mno, yai hutiririka nje na kuungua pembeni.

Acha sekunde 30, geuza vyote pamoja kwa mwiko mpana, chapati iwe chini. Ipate joto sekunde 20 tu. Hamishia kwenye ubao, panga nyanya kwenye mstari mmoja karibu na ukingo ulio upande wako, nyunyiza chumvi, na uanze kuviringisha ukibana kwa vidole. Chapati ikipasuka hapa, tatizo lilikuwa jikoni mapema: ilipikwa muda mrefu, au imepoa. Chapati ya jana inaweza kutumika kama utainyunyizia maji kwa vidole vitatu na kuifunika kikaangioni nusu dakika kwanza.

Tafadhali usiifunge kwenye kaveera ikiwa moto. Mvuke unanaswa, chapati inatota, na chakula chenye mafuta ya moto hakipaswi kugusa plastiki nyembamba namna ile. Karatasi ya gazeti nayo huacha wino kwenye yai. Jani la mgomba ni bora kuliko vyote, nalo liko nyuma ya nyumba nyingi. Lipitishe juu ya makaa mpaka libadilike kuwa kijani kilichokolea na kung'aa. Jani lililobabuliwa hivyo hukunjika bila kupasuka, kama linavyofanywa kwa luwombo, kitoweo kinachopikwa kikiwa kimefungwa ndani ya jani la mgomba.

Chapati za kikomando

Kikomando, chapati iliyokatwa na kumwagiwa maharage, inataka chapati tofauti. Iwe nene kidogo, milimita 4, na ikiwezekana iwe ya jana, kwa sababu chapati mbichi ya moto hunywa mchuzi na kulegea kabla hujamaliza sahani. Ikate vipande vya sentimita 2.

Maharage ya Nambale nusu kilo yalowekwe usiku, maji yale yamwagwe, na mapya yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto. Maharage mekundu yasiyochemshwa vizuri huumiza tumbo vibaya. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya bahari, na maji huchemka karibu nyuzi 96, kwa hiyo usishangae yakichukua muda mrefu kuliko ulivyoambiwa na jamaa wa Mombasa. Kabale, juu zaidi, muda huongezeka tena. Nyanya ziingie baada ya maharage kuiva, maana uchachu wake huyafanya yabaki magumu. Mchuzi uwe mzito wa kushika kijiko.

Kuhifadhi

Chapati zilizopikwa hukaa vizuri hadi asubuhi ndani ya kitambaa na chombo kilichofungwa. Asubuhi hiyo ikipita, katika joto la kawaida, huanza kuwa na uchachu, usizile. Kama unajua tangu mwanzo kwamba nyingi ni za asubuhi, badilisha nusu ya maji ya kukandia kwa maji yanayochemka. Yamimine kwanza, changanya kwa mwiko, kisha tia ya baridi na ukande likishapoa. Wanga ulioiva kwa maji ya moto hushika unyevu kwa muda mrefu. Donge hilo ni laini zaidi na hupasuka kirahisi likivutwa, kwa hiyo usilisukume jembamba sana.

Viduara vibichi vilivyopakwa mafuta na kufunikwa hukaa kwenye friji usiku kucha. Vitoe saa moja kabla ya kusukuma. Vikigeuka kijivu kidogo havijaharibika; vikitoa harufu ya pombe, muda wake umepita.

Makaa yaliyobaki

Chapati ya mwisho ikitoka, sigiri bado ina moto mwekundu wa dakika ishirini au zaidi, na hapo ndipo jioni inapokuwa tamu. Menya gonja, ndizi ya kuchoma, iliyoiva, yenye ganda la njano lenye madoa meusi, uilaze moja kwa moja juu ya waya na uigeuze kila dakika tatu. Isiyoiva vizuri huwa ngumu kama mti, na iliyopitiliza hudondokea kwenye jivu. Karanga zikaangwe kwenye bamba lilelile la chapati, bila mafuta, zikikorogwa bila kukoma, na zitolewe zikiwa bado na rangi hafifu kwa sababu huendelea kuiva zikiwa nje.

Mkaa unaobaki usiuzime kwa maji. Maji hupasua udongo wa ndani ya sigiri, na mkaa uliolowa kesho utakuwa wa moshi tu. Uchukue kwa koleo, utie kwenye kopo la bati lenye kifuniko kinachobana, uliweke nje juu ya saruji. Bila hewa, moto hufa wenyewe. Lifungue asubuhi tu, likishapoa kabisa. Vipande hivyo vilivyoungua nusu ndivyo vinavyoshika moto haraka kuliko mkaa mpya, basi viweke chini, karibu na magunzi, unapowasha tena.